Nusu saa ya mwalimu, siku sita za mwanafunzi

Mwambie mtoto anayejifunza kinanda apige skeli ya C, yaani sauti nane zinazopanda kutoka do hadi do ya juu, C ikiwa do, kwa mkono wa kulia, polepole. Ukitaka kujua wiki yake ilikwendaje, usimwangalie usoni wala usimuulize mama yake. Tazama dole gumba. Vidole vitatu vya kwanza, ukihesabu kuanzia dole gumba, hupiga do, re, mi, kisha dole gumba lazima lipite chini ya kiganja likapige fa, ndipo mkono uendelee hadi kidole cha tano kwenye do ya juu: 1-2-3-1-2-3-4-5. Kwa mtoto aliyefanya mazoezi, dole hilo huanza safari mara tu linapoachia do. Kidole cha pili kikiwa bado kwenye re, lenyewe liko tayari chini ya kiganja, na likifika fa huwezi kusikia kwamba kidole kimebadilika. Kwa mtoto ambaye hakugusa kitu tangu Jumamosi iliyopita, dole gumba hukaa nje mpaka mwisho, halafu kiwiko kinafunguka kama bawa la kuku na fa inatoka kwa kishindo kuliko mi.

Hakuna maelezo ya mwalimu, hata yawe mazuri kiasi gani, yanayoweza kulinyoosha dole hilo ndani ya nusu saa. Linanyooshwa na marudio mafupi ya kila siku. Kwa hiyo anayefundisha kinanda nyumbani, kazi yake kubwa ni kupanga zile siku ambazo yeye hayupo. Akifundisha vizuri Jumamosi na kuziacha siku sita zijiendeshe zenyewe, anateka maji kwa pakacha.

Tabora jambo hili lina uzito wake. Wanafunzi wengi hutoka kwenye kwaya, wa Kikatoliki, wa Moraviani, wa makanisa mengine, na wapo wanaovutwa na taarab au bendi. Kinanda wanachokijua ni kile cha kanisani, nacho hufungiwa kabatini baada ya ibada na ufunguo anao mtu mmoja. Nyumbani hakuna. Basi siku ya kumwandikisha mwanafunzi, kabla ya kuzungumza ada, uliza hivi: kati ya Jumapili na Ijumaa, mikono yako itakuwa juu ya nini? Akijibu ana kinanda, vizuri. Akijibu atakwenda kanisani, muulize siku gani, saa ngapi, na ufunguo unao nani. Jibu likiwa la kubahatisha, hesabu kwamba hana. Na asiye na kitu usimrudishe. Mtengenezee cha karatasi.

Kinanda cha karatasi

Walimu wengi hukichora ovyo, na ndiyo sababu hakiwasaidii. Vipimo lazima viwe vya kweli, kwa sababu mkono hukariri umbali. Kibonye cheupe cha piano kina upana wa milimita 23.5. Oktava mbili, kutoka do hadi do ya tatu, ni vibonye vyeupe 15, yaani milimita 352.5. Urefu wa kibonye kuja kwa mpigaji ni milimita 150. Karatasi ya A4 haitoshi, ina milimita 297 tu, nunua manila.

Chora mstatili, kisha weka alama ukianzia sifuri ileile: 47, 94, 141, 188, 235, 282, 329, na mwisho 352.5. Kila nafasi ya 47 igawe katikati. Usihamishe rula kibonye kwa kibonye. Ukikosea nusu milimita kila mara, kufikia kibonye cha 15 umepotea milimita 7 na zaidi, na mtoto atajifunza oktava isiyokuwepo popote duniani. Rula ya shule ya sentimita 30 ni fupi kwa kazi hii. Azima futi ya seremala.

Vibonye vyeusi vina urefu wa milimita 95 hivi na upana wa karibu milimita 11, navyo hukaa upande wa juu, mbali na mpigaji. Viko kati ya do na re, re na mi. Kati ya mi na fa hakuna. Kisha fa na so, so na la, la na ti. Kati ya ti na do hakuna. Ukitazama kinanda halisi kwa karibu utaona kwamba havikukaa katikati kabisa ya mipaka. Kwenye kundi la viwili, cha kushoto kimesogea kushoto kidogo na cha kulia kimesogea kulia. Kwenye kundi la vitatu, ni kile cha kati tu kilichokaa sawasawa.

Sasa jambo linalosahaulika: vyeusi lazima viinuke. Kwenye kinanda halisi vimepanda karibu milimita 12 juu ya vyeupe. Kata vipande vya boksi la kadibodi, ubandike tabaka tatu au nne kwa gundi nyeupe ya seremala mpaka vifike kimo hicho, kisha uvipake wino mweusi. Vikibaki bapa, mtoto atazoea kutelezesha vidole mahali ambapo kesho atagonga ukuta. Manila yenyewe ibandike juu ya ubao au kadibodi ngumu, maana ikijikunja pembeni hakuna mtu atakayeifungua mara ya tatu.

Kwenye kinanda hiki mwanafunzi anaimba mwenyewe. Akibonyeza do, anaimba do. Akibonyeza mi, anaimba mi. Ukimya wa karatasi unamlazimisha kuisikia sauti kabla ya kuipiga, na hapo sikio linakua kuliko la mtoto anayebonyeza tu na kusubiri mashine imjibu. Karatasi inafundisha namba za vidole, njia ya dole gumba, umbo la sauti tatu zinazopigwa pamoja, na kuhama kwa mkono bila kutazama. Haifundishi uzito wala usawa wa vidole. Hayo ni ya nusu saa ya mwalimu, kwa hiyo mwanafunzi wa karatasi akija, dakika za maneno zipunguzwe na za kugusa kinanda ziongezwe.

Herufi usiziandike, si kwenye karatasi wala kwenye kinanda. Zile stika za rangi zenye C, D, E huonekana msaada kwa wiki moja, kisha macho ya mtoto hayatoki tena kwenye vibonye kwenda kwenye nota. Mfundishe atafute kundi la vyeusi viwili: kibonye cheupe kilicho kushoto kwake ni C, popote kwenye kinanda. Mtoto wa miaka saba huishika kanuni hiyo kwa dakika tano.

Na piano ya simu? Kwa sikio inafaa. Kwa vidole, hapana. Kibonye chake ni chembamba kuliko ncha ya kidole cha mtu mzima, na mkono utalazimika kujifunza upya.

Mzazi akiuliza anunue kipi

Mwambie vibonye 61, vya ukubwa kamili. Apime dukani: kutoka ukingo wa kushoto wa C hadi ukingo wa kushoto wa C inayofuata ziwe sentimita 16.5 hivi. Pungufu sana ya hapo ni cha kuchezea. Kisha abonyeze kibonye kimoja taratibu, halafu kwa nguvu. Sauti ikibaki ileile, ama uwezo huo umezimwa kwenye mipangilio, ama kinanda hakina kabisa. Kisichotofautisha uzito wa kidole hufundisha mkono wa mbao, na kuulainisha baadaye ni kazi ya miezi.

Kwa kilichotumika, akipige vibonye vyote 61 kimoja kimoja, vyeupe 36 na vyeusi 25, kwa kugusa kidogo. Atakutana na kibonye kisicholia, au kinacholia kwa ukelele hata akikigusa kwa unyoya. Chini ya kila kibonye cha kinanda kinachotofautisha uzito kuna swichi mbili za mpira zinazoguswa moja baada ya nyingine, na kinanda hupima muda kati ya hizo mbili ili kujua umebonyeza kwa kasi gani. Moja ikichafuka, hesabu inaharibika. Vumbi letu la kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, ndilo adui mkuu hapa. Fundi akifungua, aipanguse mipira na bodi kwa pamba na alkoholi safi isiyo na mafuta, aache ikauke. Asipulizie mafuta ya kulainisha, maana yatakusanya vumbi jingine. Kinga ni rahisi: khanga kuukuu juu ya kinanda kila kinapozimwa.

Adapta ndiyo inayoua vinanda vingi. Volti zikifanana na tundu likiingia, watu huamini kazi imekwisha. Tazama kile kimchoro kidogo cha duara chenye alama ya jumlisha na kutoa. Vinanda vidogo vya Yamaha kwa kawaida hutaka volti 12 na jumlisha katikati. Baadhi ya Casio vya zamani vilitaka volti 9 na kutoa katikati. Kimchoro cha adapta na cha kinanda lazima vifanane. Pedali, kile kikanyagio cha kuvuta sauti, nayo ina tabia yake: chomeka kabla ya kuwasha, na usiikanyage wakati unawasha, la sivyo vinanda vingi huisoma kinyume, sauti ikavuta mguu ukiwa juu na kukatika mguu ukiwa chini. Haijaharibika. Zima, toa mguu, washa tena.

Piano ya nyuzi yenyewe ni adimu katika nyumba zetu. Aliye nayo aiweke mbali na dirisha la jua na apate fundi wa kuisawazisha, kwa kuwa mbao zikikauka kiangazi sauti hushuka na masika hupanda tena.

Kimo ni jambo ambalo halina gharama na linaharibu wengi. Meza ya chakula ina sentimita 75 hivi. Ukiweka kinanda juu yake vibonye vinafika 83 au 85, wakati kwenye piano viko kama 72 hadi 74 kutoka sakafuni. Mtoto huinua mabega, kifundo cha mkono kinashuka chini ya vibonye, na baada ya dakika kumi analalamika mkono unauma. Mpelekee seremala meza kuukuu, akate miguu ibaki sentimita 63 hivi. Kisha rekebisha kiti mpaka mkono, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ulale sambamba na sakafu. Miguu ya mtoto isining'inie. Kreti la soda lililofunikwa ubao linatosha.

Solfa waliyokuja nayo, na kitufe cha transpozi

Mtoto aliyepita kwenye kwaya ya watoto ana solfa, zile do-re-mi, mdomoni tayari. Wapo walimu wanaomwambia aisahau aanze upya na nota za mistari mitano. Ni kumvua mtu viatu ili umfundishe kutembea. Solfa hii, iliyoanzishwa Uingereza na Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, ina nguvu moja kubwa: do inahama. Do ikiwa C au G au F, umbali kati ya do na mi ni uleule. Mwanakwaya anayesoma d : r | m : – | anajua tayari kwamba nukta mbili zinatenganisha mapigo, mstari wima unafunga mizani, yaani fungu moja la mapigo, na kistari kinashikilia sauti. Hesabu ya mapigo anayo. Kilichobaki ni picha.

Picha hiyo ifundishwe kwa kanuni moja. Do ikikaa kwenye mstari, mi na so zinakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu yake. Do ikikaa kwenye nafasi, mi na so zinakaa kwenye nafasi mbili zinazofuata. Chora mistari mitano ubaoni, weka do mahali popote, mwambie mtoto aweke mi na so kwa mawe madogo au mbegu za mahindi. Afanye mara kumi na do tofauti. Baada ya majuma mawili ataacha kuhesabu mistari na kuanza kuona hatua, na kusoma nota hasa ni kuona hatua.

Kwa upande wa vidole, tatizo letu linajulikana na kila kwaya: mpigaji hupiga kila wimbo kwa C, kisha kitufe cha transpozi, kinachohamisha sauti zote juu au chini, kinafanya kazi iliyobaki. Ibada moja inapita, mia zinapita. Halafu umeme unakatika katikati ya wimbo, kinanda kinawaka upya, transpozi imerudi sifuri, na kwaya yote imo kwenye sauti nyingine. Au anaalikwa mahali penye piano ya nyuzi isiyo na kitufe chochote. Kukitumia siku ambayo mwimbaji anaumwa koo na wimbo umeshuka nusu sauti si kosa. Kukitegemea kila siku ni kumfunga mwanafunzi kwenye chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba kumi na viwili.

Dawa ni kuhama mapema, kabla C haijawa kitanda. Mwezi wa kwanza C. Wimbo uleule mfupi, mwezi wa pili, do ni G; vidole vya skeli ni vilevile, ila ti imekwenda kwenye kibonye cheusi. Mwezi wa tatu do ni F, na hapa simama usieleze haraka. Ukitumia vidole vya C kwenye F, hatua ya nne inaangukia kibonye cheusi na zamu yake ni ya dole gumba, kidole kifupi kuliko vyote, nalo linalazimika kuvuta mkono wote ndani. Ndiyo maana kwa mkono wa kulia F hupigwa 1-2-3-4-1-2-3-4: kidole cha nne, ambacho ni kirefu, kinapanda kwenye cheusi na dole gumba linatua kwenye cheupe kinachofuata. Mwache mtoto akosee kwanza kwa vidole vya C, aone mkono unavyojipinda, kisha umwonyeshe. Atakumbuka sababu, si namba tu. Wanaoviogopa vyeusi wajue kwamba Chopin, mtunzi na mpigaji piano wa karne ya 19, aliwaanzishia wanafunzi wake skeli ya B, yenye vyeusi vitano, kwa kuwa vidole virefu hulala juu ya vyeusi na vifupi kwenye vyeupe, mkono ukabaki katika umbo lake.

Kodi, zile sauti tatu za pamoja, zifundishwe kwa jirani yake wa karibu. Mkono wa kushoto ukishika do-mi-so kwa 5-3-1, usirukie fa-la-do. Kidole cha tano kibaki kwenye do, vingine vipande: do-fa-la, 5-2-1. Kwenda kodi ya so, cha tano kishuke hatua moja tu hadi ti, na dole gumba libaki so: ti-re-so. Kodi tatu hizi zinabeba nyimbo nyingi mno za ibada na za watoto, na mkono haujasogea hata upana wa vidole viwili.

Daftari na sauti ya Jumatano

Mazoezi ya nyumbani yaandikwe. "Kafanye mazoezi" si agizo. Andika: mizani ya 5 hadi 8, mkono wa kushoto peke yake, mwendo wa 60, mara tatu mfululizo bila kosa, ukikosea ya tatu, anza kuhesabu upya. Mwendo wa 60 hauhitaji kifaa, kwani saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde hupiga hivyohivyo. Kipande kirefu kianzwe mwishoni: mizani minne ya mwisho kwanza, kisha minne iliyotangulia. Hivyo mwanafunzi kila mara anaelekea mahali anapopajua, na wimbo hauishii kwa kukwama.

Mtoto wa miaka saba dakika 10 hadi 15 zinatosha, kila siku, saa ileile. Kabla ya kwenda kuchota maji, au baada ya madrasa. Saa moja nzima ya Ijumaa usiku haifidii chochote. Jumatano mzazi atume sauti ya WhatsApp, nusu dakika tu ya mizani iliyoandikwa. Mwanafunzi wa karatasi atume akiimba solfa huku vidole vikigonga, nawe utasikia kugonga kama kunaendana na pigo. Kosa likigunduliwa Jumatano limerudiwa siku tatu au nne. Likingoja Jumamosi limeshakuwa mazoea.

Watu wazima

Hawa huelewa haraka na mikono yao huchelewa, na pengo hilo huwauma. Mtumishi wa miaka hamsini anayeongoza watu ofisini anashindwa kupitisha dole gumba chini ya kiganja mbele ya kijana wa miaka ishirini na tano. Kijana aanze na shikamoo yake kama kawaida, hata kama huyo mzee atamwita mwalimu mara mia. Na kwenye kosa, "hapo umekosea" iachwe. "Tuirudie pamoja kutoka mizani ya 5, mzee" inafika mahali palepale bila kumshusha mtu. Somo lake liwe dakika 45, na theluthi moja ya muda iwe wimbo anaoutaka yeye.

Karibu wote wanataka nyimbo za sauti nne. Wakianza kwa kupiga zote nne pamoja hukwama miezi. Waanze na sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia na besi kwa wa kushoto, mpaka mifupa hiyo miwili itembee bila kusita. Kisha iongezwe ya pili upande wa kulia, mwisho ya tatu upande wa kushoto. Hata siku ya ibada ikiwakuta katikati ya safari, sauti ya kwanza na besi zinatosha kuibeba kwaya.

Ada ilipwe mwanzoni mwa mwezi kwa masomo manne, na kanuni ya somo lililokosekana isemwe siku ya kwanza: taarifa ikija siku moja kabla, linafidiwa, isipokuja, limepita. Somo la mtoto lifanyike sebuleni, mlango wazi, mzazi au mtu mzima wa nyumba hiyo akiwepo. Hili halina mjadala. Kalenda nayo ina mashimo yake: wa darasa la saba hupotea kabla ya mtihani wa Septemba, wengine wakiwa kambini shuleni; wa la nne hufuata mwishoni mwa Oktoba; Ramadhani wengi huomba waje asubuhi; na wiki za kabla ya Pasaka na Krismasi kila mwanakwaya ana mazoezi ya jioni. Panga vipande vifupi kwa miezi hiyo.

Umeme ukikatika somo likiwa katikati, chomoa adapta ukutani kwanza, maana ukirudi huja kwa kishindo, na msimu wa radi uchomoe hata kabla haujakatika. Vinanda vingi vidogo hukubali betri sita, vingine za AA, vingine zile kubwa za D. Sharti ziwe za aina moja na za siku moja. Betri zisipokuwepo, leta ile manila mezani. Mtoto apige mkono wa kulia, mwalimu wa kushoto, wote wawili wakiimba solfa kwa sauti, na mzazi aliyekaa pembeni apige makofi ya pigo la kwanza la kila mizani.